"Hiki ni kidonda ndugu tu, daktari"

Juzi nimeisikia tena. Mzee wa kisiwa cha Ukerewe, mvuvi wa dagaa tangu ujana wake, kavuka kutoka Nansio, kaketi mbele yangu mguu umefungwa kanga. "Hiki ni kidonda ndugu tu, daktari. Mwanangu huyu hajazaliwa, mimi ninacho." Mwana mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni, mtu mzima mwenye watoto wake.

Kidonda ndugu hugeuka saratani. Si vyote, lakini kilichokaa miaka mingi, au kovu la moto linalopasuka na kufunga, kufunga na kupasuka, ngozi yake hujitengeneza upya bila kupumzika hadi siku moja inakosea. Daktari Mfaransa Marjolin alivieleza vidonda vya namna hii mwaka 1828, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Huchukua miongo mara nyingi, na hapo ndipo mtu anaposema ameshakizoea. Baba, umekizoea wewe, chenyewe kinabadilika. Kingo zinainuka na kuwa ngumu. Nyama inaota juu kama koliflawa. Kinatoa damu kwa kuguswa na kitambaa tu, harufu inazidi, na kilichokuwa kimya kinaanza kuuma. Mtoki ukivimba kinenani, huenda tumeshachelewa.

Na unga wa vidonge vya rangi mbili, dawa za antibiotiki! Kila wiki naletewa kidonda kilichopakwa gamba la njano, mtu kafungua vidonge na kunyunyizia. Unga ule hauponyi kidonda, tena unaziba kingo, mahali hasa ninapotaka kupaona. Acheni. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Kisha kila mwisho wa mwezi piga picha kwa simu, pembeni weka sarafu ya shilingi mia, upate kulinganisha ukubwa. Miezi mitatu ya kusafishwa vizuri ikipita bila kupungua, kikatwe kipande kiende maabara. Nimelirudia hili hadi wauguzi wangu wanalimalizia kabla yangu.

Wengine huniambia: "Saratani ya ngozi ni ya wenye ualbino." Wao jua linawaumiza hasa usoni, masikioni na shingoni, na kofia pana ni lazima kwao. Ila melanoma ya unyayo, saratani ya ngozi inayoanza kama doa, haihitaji jua kabisa. Inaota pale chini unapokanyagia, kwa mweusi kama mimi. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Geuza unyayo Jumapili baada ya kuoga, umulike kwa tochi. Doa linalotanuka, lenye rangi mchanganyiko au mpaka usioeleweka, lisingoje.

Mstari mweusi kwenye kucha? Ukiwa kwenye kucha kadhaa, kwetu weusi kwa kawaida ni maumbile. Kucha moja tu, mstari unapanuka, weusi unamwagikia ngozi ya pembeni: njoo.

"Madoa ya zambarau ni ya VVU." Saratani ya Kaposi, ndiyo yenye madoa hayo, huwapata sana wenye VVU, kweli, lakini ukanda huu wa maziwa makuu ulikuwa nayo kabla VVU havijajulikana. Kipimo kikitoka hasi, na mguu umevimba, mgumu, una vinundu vyeusi, usirudi nyumbani ukidhani ni matende.

"Kikiguswa na kisu kinasambaa." Hakisambai. Wanaozidiwa baada ya kukatwa kipande wengi wao walifika ugonjwa umeshatembea, na kisu ndicho kinachobebeshwa lawama.

Hili la kisu ndilo lililomshika yule mzee, kuliko maumivu. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akaunyoosha mguu. Nimechukua vipande vinne, vyote kutoka kingoni. Majibu tunayangoja.