Moyo wa mgonjwa wa saratani: maswali ya wauguzi

Wagonjwa wa saratani huchoka na kuishiwa pumzi mara kwa mara. Nitajuaje kuwa safari hii ni moyo?

Mlinganishe na hali yake mwenyewe. Jana alikwenda msalani bila msaada, leo anatweta kitandani: usiseme ni saratani tu. Hesabu mapigo na pumzi kwa dakika nzima, pima presha na oksijeni, kisha fungua chati ya jana na juzi.

Dharura ipi hutupita kwa urahisi?

Maji kujaa kwenye mfuko unaozunguka moyo, hasa kwa wenye saratani ya mapafu au ya titi. Moyo hubanwa ukashindwa kujaa damu. Mgonjwa hataki kulala chali. Inua kichwa cha kitanda, tazama shingo: mishipa imetuna. Presha imeshuka, sauti za moyo zinasikika kwa mbali, ilhali mapafu mara nyingi ni safi. Akivuta pumzi, namba ya juu ya presha huweza kushuka kwa zaidi ya 10. Usingoje dalili zote zitimie.

Mtego ninaouogopa zaidi ni huu: miguu imevimba, anahema, basi mtu anafikiria dawa ya kukojoza. Moyo uliobanwa unategemea damu inayorudi. Ukiipunguza, mgonjwa anaweza kuzimika mbele yako. Anahitaji ultrasaundi ya moyo na daktari wa kuyatoa maji hayo kwa sindano, haraka.

Kifua kinauma wakati dripu ya fluorourasili, dawa ya saratani, inaingia. Nipunguze kasi?

Hapana, isimamishe. Dawa hii huweza kuibana ghafla mishipa ya moyo, hata kwa asiyewahi kuugua moyo, na mara nyingi ni katika mzunguko wa kwanza wa matibabu. Mwite daktari, na mgonjwa apigwe kipimo cha umeme wa moyo maumivu yangalipo. Yakiisha, usiifungulie tena mwenyewe.

Na aliyemaliza matibabu zamani?

Mwulize alipewa dawa gani. Doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, huweza kudhoofisha moyo hata miaka baadaye.

Nikimpigia daktari wa zamu, niseme nini?

Taja namba na unachohofia. Kwa mfano: "Mgonjwa wa saratani ya titi. Mapigo 128, jana 92. Presha 88 kwa 60, jana 118 kwa 74. Mishipa ya shingo imetuna. Nahofia maji yanaubana moyo. Naomba uje sasa hivi, daktari." Asipofika, mpigie aliye juu yake.