Bila barua bado ni mwajiriwa

Ngamiani, Tanga, kauli hii imezoeleka: "Huna barua, huna ajira." Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipotungwa ililazimisha mkataba wa maandishi pale tu mfanyakazi anapokwenda kufanya kazi nje ya nchi; baadaye ikarekebishwa, na sasa hata wa kazi ya humu ndani unatakiwa uandikwe. Lakini kukosa karatasi hakumwondolei mtu uajiriwa wake.

Kifungu cha 15 nacho kinamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa, mshahara. Asipoweza kuyaonyesha mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni yeye, si muuzaji wake wa duka, atakayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana. Na wenye maduka wengine hudhani kutoandika ndiyo kinga yao! Karatasi moja yatosha: "Muuzaji, saa mbili asubuhi hadi kumi jioni," tarehe ya kuanza, mahali, mshahara, sahihi mbili.