Mpelekeni Uwanjani: Mpira Kwa Masikio

Familia zinazokuja kwetu kwa mafunzo ya utengamao, yaani ya kujimudu upya na ulemavu, huniambia jambo lile lile: tangu mzee apoteze macho, siku ya mechi huachiwa redio yake barazani. Si kwa ubaya. Wanajiuliza, akifika Uwanja wa Amaan, hapa Unguja, atafanya nini? Nami huwaomba wampeleke.

Uwanjani kuna mengi ya kusikia. Mpira mrefu wa golikipa una mshindo wake, pasi ya chini karibu haina sauti. Hatari ikija, jukwaa lililo karibu na goli ndilo huanza kuguna, na mguno huo humjulisha asiyeona mpira uko wapi hata kabla hujafungua mdomo.

Ila kwanza ajue ramani. Chukua kipande cha boksi, gundisha uzi kwenye mistari yote, kisha apitishe kidole kabla ya filimbi. Hapa kwetu ni rahisi: mwambie goli lipi liko kibla, yaani kaskazini, na lipi suheli, yaani kusini, kisha nani anashambulia wapi.

Mchezo ukianza, taja mahali kwanza, kisha mchezaji, kisha kitendo. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunaruka, "Kakosa huyo!", na mwenzetu hajui hata nani alikuwa na mpira. Gombani, Pemba, nilikaa nyuma ya kijana aliyekuja na ami yake. "Ami, kona, kibla, mkono wetu wa kulia. Boksi limejaa. Anarudi nyuma hatua tatu." Yule mzee alikwisha inama mbele, ameshika fimbo yake nyeupe kwa mikono miwili, mpira haujapigwa bado.

Redio ndogo ya FM inasaidia sana, sikio moja tu, jingine liachiwe uwanja. Matangazo ya simu kupitia intaneti yaepukeni: huchelewa sekunde nyingi, watu wamekwisha shangilia goli na mtangazaji bado yuko katikati ya uwanja. Na mtangazaji wa televisheni anaacha mengi, kwa vile anajua picha ipo.

Wapo hata wanaocheza kwa masikio. Soka la wasioona limo katika Paralimpiki tangu Athens 2004. Mpira una vitu vinavyolia ndani, beki anayeuendea lazima atamke "voy", yaani "naja" kwa Kihispania, ili asigongane na mwenzake, golikipa anaona, na watazamaji hunyamaza mpaka mpira utoke au goli liingie.

Kushiriki michezo na burudani ni haki, imo katika Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Kwa hiyo Kombe la Mapinduzi likija Januari, tokeni nyumbani mapema kabla ya msongamano mlangoni, chukueni nafasi karibu na ngazi, mbali na spika. Kikundi cha ngoma kikikaa jirani yenu, hameni.