Rimu za Benzi kwenye Kombi ya zamani: yasemwayo gereji na ukweli wake

Kombi ya Volkswagen T3, ile yenye umbo la sanduku na injini nyuma, ilianza kutengenezwa Hannover mwaka 1979, na kiwanda cha Uitenhage, Afrika Kusini, kikaendelea nayo hadi 2002. Nyingi bado zina bodi nzima, lakini rimu zake za chuma za inchi 14 zinaliwa na kutu, na tairi za saizi hiyo zenye uwezo wa kubeba mzigo si rahisi kupata. Ndiyo maana wenye nazo huzikodolea macho rimu za spoti za inchi 15 za saluni ya Benzi, Mercedes W124. Wazo hilo ni zuri na naliunga mkono. Kinachoniudhi ni maneno yanayoambatana nalo, maana gari lenyewe hubeba familia nzima.

"Matundu matano ni matundu matano"

Kinachopimwa ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote ya nati. Kwa T3 ni milimita 112. Toyota na Nissan nyingi za matundu matano hutumia 114.3. Tofauti ni milimita 2.3 tu, na hapo ndipo penye hatari: nati zikilazimishwa zinaingia, na rimu inaonekana imekaa. Kumbe kila nati imeegemea upande mmoja, na stadi (skrubu inayoshika nati) inavutwa pembeni kila gurudumu linapozunguka. Chuma kinachovutwa hivyo huchoka, kisha hukatika.

"Rimu ya Volkswagen haiwezi kukataa Volkswagen"

Inaweza kabisa. Kombi za T2 zilizotoka kabla ya Agosti 1970 zina duara la milimita 205. Zilizofuata zina 112. T3 ina 112. T4 nayo ina 112, lakini tundu lake la katikati ni milimita 57.1, wakati habu ya T3 (kitovu ambapo rimu hukaa) inahitaji 66.6, kwa hiyo rimu haiingii bila kuchongwa. T5 ilihamia 120. Audi 100 ya matundu matano ina 112 na tundu la 57.1, kwa hiyo hata ndugu huyo hakufai. Benzi ndiyo yenye 112 na 66.6 kwa pamoja.

Tundu la katikati ndilo linaloiweka rimu mahali pake kabla nati hazijakazwa. Wenye HiAce na Caravan wana mfano wao: HiAce ya H200 na Nissan Caravan NV350 zote zina matundu sita kwenye duara la 139.7, lakini tundu la HiAce ni karibu milimita 106 na la Nissan ni 66.1. Rimu ya HiAce ikivishwa Caravan huacha pengo la karibu milimita 20 kuizunguka habu. Usukani ukitikisika, watu hukimbilia balansi, wakaongeza vipande vya risasi, na mtikisiko haukomi. Hapo dawa ni ringi ya kuziba pengo iliyochongwa kwa kipimo, au kutafuta rimu nyingine.

"Nati za zamani zitatosha"

Hili hupuuzwa sana, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Rimu za W124 zimechongwa kwa boliti za milimita 12, zenye kichwa cha mviringo kama mpira, chenye nusu kipenyo cha milimita 12. Kombi inatumia uzi wa milimita 14. Rimu nyingi za spoti zisizo za kiwandani hutaka nati za koni. Nati ya koni ikiwekwa kwenye kiti cha mviringo (pale nati inapoegemea rimu) hugusa kwenye mstari mwembamba tu. Leo imekaza, wiki ijayo imelegea. Kwa mchanganyiko huu zinatakiwa nati maalumu: uzi wa 14, kichwa cha mviringo cha 12. Zikikosekana, rimu zisubiri. Zikipatikana, zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu, na zikaguliwe tena baada ya takriban kilomita 50.

"Ikigusa, weka spesa"

Kwanza soma namba iliyopigwa mgongoni mwa rimu. ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Rimu ya chuma ya T3 ni 5.5J x 14 ET39, yaani upana wa inchi 5.5 na kipenyo cha inchi 14. Rimu ya kawaida ya W124 ni 6.5J x 15 ET48. Ukipiga hesabu, ukingo wa ndani wa rimu ya Benzi unaingia karibu milimita 22 zaidi kuelekea saspensheni, na ukingo wa nje unatoka chini ya milimita 4. Ndiyo sababu inagusa ndani, huku kwa nje inaonekana sawa.

Spesa, kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza nje, si dhambi ikiwa ni ya kipande kimoja, ina mdomo wa 66.6 unaoshika habu na rimu, na stadi zimebadilishwa kuwa ndefu. Nati ya uzi wa 14 x 1.5 inapaswa kushika angalau mizunguko saba na nusu. Washa zilizopangwa moja juu ya nyingine si spesa. Na kila milimita unayosogeza nje huongeza mzigo kwa beringi, kwa hiyo weka zile tu zinazohitajika.

"Saizi ikilingana, tairi ya saluni inatosha"

Kwa saizi, kweli hulingana: 205/65R15 ina kipenyo cha karibu milimita 648, na 185R14 ya asili karibu 650, kwa hiyo spidomita haisumbuki. Lakini angalia namba ya mzigo. 91, inayopatikana kwenye 195/65R15 nyingi, ni kilo 615 kwa tairi. 94 ni kilo 670. 185R14C yenye 102 hubeba kilo 850. Kombi iliyojaa hufikia karibu kilo 2,400, na injini iko nyuma, kwa hiyo kugawa kwa nne kunadanganya. Tafuta 205/65R15 iliyoimarishwa yenye 99, yaani kilo 775. Rimu nayo ina kikomo chake, na hii ilitengenezwa kwa saluni. Iliyowahi kupinda au kuchomelewa usiivishe Kombi hata kama imepakwa rangi ikang'aa.

Tairi ya akiba ya T3 hukaa kwenye sinia chini ya pua ya gari, na tairi pana ya inchi 15 huenda isiingie humo. Wengi huacha ya zamani ya chuma, jambo linalokubalika kwa kufika gereji ya karibu, mradi nati tano za asili ziwe ndani ya gari. Zile maalumu za rimu za Benzi haziifai rimu hiyo ya chuma, na pancha ya usiku si wakati wa kuligundua hilo.