Smong: neno lililookoa kisiwa

Tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilipotikisika chini ya bahari magharibi mwa Sumatra, Indonesia, kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu mno na chanzo cha tetemeko. Wimbi liliwafikia wakazi wake baada ya dakika kama nane. Hapakuwa na king'ora. Watu walipaza sauti wenyewe: "Smong! Smong!" Aliyesikia aliacha alichoshika, akabeba watoto, akapanda mlimani. Kati ya watu wapatao 78,000, walifariki saba. Katika jimbo zima la Aceh, ambamo kisiwa hicho kimo, waliokufa au kupotea walizidi 160,000, na wapo walioona maji yamekupwa ghafla wakashuka kuokota samaki.

Smong ni neno la wenyeji wa kisiwa hicho. Ukilitafsiri "wimbi kubwa" umelipunguza. Ndani yake mna maelekezo kamili: nchi ikitikisika sana, kisha bahari ikirudi nyuma, usisimame kutazama, kimbilia juu. Walionusurika wimbi la mwaka 1907 ndio walioliacha, wakalitia katika hadithi na nyimbo, na watoto wakakua nalo kwa miaka 97.

Wengi hudhani lugha ya asili ni orodha tu ya majina ya miti na ndege, ambayo yanaweza kuhamishiwa lugha nyingine bila hasara. Sikubaliani nao hata kidogo. Wayao warina asali wa Niassa, Msumbiji, humwita mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye viota vya nyuki, kwa mlio wa "brrr" unaomalizikia kwa "hm", waliofundishwa na baba zao. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mwito huo hupandisha uwezekano wa kuongozwa na ndege huyo kutoka takriban asilimia 33 hadi 66. Wahadza wa Tanzania humwita kwa mluzi, na milembe wa kwao huitikia mluzi huo kuliko mwito wa Wayao. Ndege naye amejifunza lugha ya mahali pake!

Kwenye dawa hali ni hiyo hiyo. Kaskazini-magharibi mwa Amazonia, asilimia 91 ya matumizi ya kitiba ya mimea yaliyochunguzwa yanajulikana katika lugha moja tu.

Kwa hiyo ukikaa na bibi au babu kurekodi lugha yenu, usiishie kuuliza mti huu unaitwaje. Uliza unachanua lini, nani huruhusiwa kuuchuma, unachumwa saa ngapi, na maneno gani husemwa kabla ya kuugusa. Na umwache ajibu kwa lugha yake mwenyewe.