“So do I” na “Neither do I”: Kuafiki kwa Kifupi katika Kiingereza

Hapa Lamu mtu akisema “nimechoka”, mwenzake humjibu “hata mimi”. Akisema “sijalala tangu jana”, jibu huwa ni lile lile, “hata mimi”. Neno hilo linafaa kwa kauli yakinishi na kwa kauli kanushi, kwa jambo la jana na la kesho, na anayejibu hana haja ya kukumbuka kitenzi kilichotumiwa na mwenzake. Wanafunzi wetu wengi wa Kiingereza, wakiwamo waongozaji wa watalii, manahodha wa mashua za Shela na vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa KCSE, huchukua “Me too” wakaipa kazi yote ya “hata mimi”, nayo haiwezi kuibeba.

Kiingereza huligawa jibu hilo mara mbili. Anayeafiki kauli yakinishi huanza na “So”, na anayeafiki kauli kanushi huanza na “Neither” au “Nor”. Kisha hufuata kitenzi kisaidizi, na mwisho hutajwa anayeafiki. “I am tired” hujibiwa “So am I”, na “I can't swim” hujibiwa “Neither can I”. Kazi kubwa hapa ni kusikiliza, kwa maana kitenzi kisaidizi hutoka kinywani mwa aliyetangulia kusema, na jibu hufuata wakati ule ule alioutumia. Mgeni akisema “I will visit Takwa tomorrow”, anayekwenda naye husema “So will I”. Pale ambapo kauli haina kitenzi kisaidizi, kama katika “I live in Shela”, Kiingereza huleta “do” kukaa mahali pake: “So do I”. Kwa jambo lililopita, kama mtu aliyemwona kasa akisema “I saw a turtle”, “do” hugeuka kuwa “did”. Na anayetajwa akiwa nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, husemwa “So does my brother”.

Kitenzi “have” huwasumbua hata waliokwisha kuyazoea hayo, kwa sababu kina kazi mbili. Katika “I have eaten” ni kisaidizi, na kazi yake inakaribiana na ile ya “-me-” katika “nimekula”, hivyo jibu ni “So have I”. Katika “I have a boat” ni kitenzi kikuu chenye maana ya kumiliki, na jibu la kawaida siku hizi ni “So do I”, ingawa kwa baadhi ya Waingereza “So have I” nayo hukubalika.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi ni “Neither I don't”. Chanzo chake nakielewa vyema, kwani Kiswahili husema “wala mimi sinywi”, kikakanusha mara mbili bila kasoro yoyote. “Neither” imekwisha kubeba ukanushi wote, na haivumilii “not” nyingine karibu yake. Anayependelea kuubakiza ukanushi kwenye kitenzi aseme “I don't either”, kama vile upande wa pili anavyoweza kusema “I do too”. Maneno “never” na “hardly” nayo huhesabiwa kuwa kanushi, kwa hiyo “I never drink coffee” hujibiwa “Neither do I”.

“Me too” na “Me neither” ni za mazungumzo ya kawaida, na hazifai katika insha rasmi.

Mpangilio wa maneno nao una uzito. “So have I” ni kuafiki, lakini “So I have” ni kukiri jambo ulilokuwa hukulitambua: abiria akiambiwa “You have left your hat on the boat”, akajitazama kichwani, atasema “So I have”, yaani kweli nimeisahau.

Jambo ninaloomba lichukuliwe kwa uzito zaidi ni “Yes” na “No” baada ya swali kanushi. Mtu akiulizwa “Hujala?” naye hajala, kwetu anaweza kujibu “Ndiyo”, kwa kuwa anakubaliana na aliyeuliza. Kiingereza hakitazami kama mnakubaliana. Hutazama kitenzi cha jibu lenyewe, na kikiwa kanushi jibu huanza na “No”: “No, I haven't”. Mgeni anayepanda mashua akiuliza “You don't have life jackets?”, na nahodha asiyekuwa na jaketi za kuokoa maisha akajibu “Yes” kwa nia safi ya kukubali kwamba hazimo, mgeni ataelewa kwamba zimo na atasafiri akiamini hivyo. Aliye nazo aseme “Yes, we do”, asiye nazo aseme “No, we don't”, na kila mmoja akitaje kitenzi kisaidizi hadi mwisho, maana hicho ndicho kitakachomwezesha msikilizaji kugundua kosa endapo “Yes” au “No” imetumika pasipo mahali pake.