Darubini ya bunduki na fundi wake: yanayosemwa na yalivyo

Kambi za uwindaji wa kitalii Tanzania zina desturi moja ambayo wageni wengi huipokea kwa kununa. Mtu ameshuka kwenye kindege, vumbi bado liko kooni, kichwani ana nyati tu. Mwindaji bingwa anamwambia kwanza twende kwenye karatasi. Shabaha imebandikwa kwenye boksi mita 100 mbele, bunduki inalazwa juu ya mfuko wa mchanga, mgeni anapiga risasi tatu.

Nilibeba bunduki za wageni na kufuata nyayo misimu kadhaa katika Pori la Akiba la Selous, kabla sehemu yake kubwa haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Zile karatasi ndizo zilizonifundisha. Unakuta darubini ya bei ya pikipiki mbili, halafu risasi zinatua kushoto kiganja kizima. Mgeni anailaumu safari ya ndege. Mwindaji bingwa hasemi kitu, anashika darubini kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu, na mara nyingi kitu kinacheza. Mengi yanayosemwa kuhusu darubini yanahusu kioo, na hasara nyingi nilizoziona zilikuwa kwenye skrubu na kwa aliyezikaza.

"Inayokuza zaidi ndiyo bora"

Hii ndiyo dhana mama. Duka linakuonyesha darubini iliyoandikwa 6-24x50, maana yake inakuza kuanzia mara 6 hadi mara 24 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Ukichungulia kutoka dirishani unasoma bango la ng'ambo ya barabara, moyo unalainika, pesa inatoka.

Mgeni mmoja alikuja nayo ya namna hiyo. Siku ya tatu tukawa mita 40 hivi kutoka kwa dume la nyati, kwenye kichaka kizito, upepo ukiwa upande wetu. Mwindaji akasimamisha miguu mitatu ya kuegemea, mgeni akaweka bunduki, akachungulia. Kimya. Mwindaji akamnong'oneza, unaona nini? Akajibu: nyeusi. Nyeusi wapi? Nyeusi tupu. Alikuwa ameiacha kwenye 24 tangu asubuhi. Kwa ukuzaji huo unaona eneo la mita moja na nusu tu ukitazama umbali wa mita 100. Kwa mita 40 linabaki kama sentimita 60. Alikuwa anaangalia manyoya, hajui kama ni bega au tumbo, na manyoya yenyewe yalikuwa na ukungu kwa sababu darubini kali kama hiyo haioni vizuri vitu vya karibu mpaka uizungushie kitufe chake cha umbali. Nyati akageuka, akaenda zake.

Kwa mara 3, eneo unaloliona mita 100 mbele ni kama mita 10 au 11. Unamwona mnyama mzima, aliye nyuma yake, na kijiti kilichopita mbele ya bega. Ndiyo maana wanaojua hutembea na darubini ikiwa kwenye namba ya chini kabisa: mnyama akiwa mbali utapata muda wa kuzungusha, akiwa karibu hutaupata. Kwa nyati porini, 1-4 au 1-6 inatosha na kusaza. Kwa pofu, kongoni na swala pala kwenye mbuga wazi, ile 3-9x40 ya kawaida, ambayo watu huidharau kwa kuwa kila mtu anayo, inafanya kazi yote. Hizo 24 ni za wapiga shabaha wanaolala kifudifudi na kulenga karatasi isiyokimbia.

"Lenzi kubwa na bomba nene huvuta mwanga"

Nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza. Shika darubini mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga. Kwenye lenzi ya nyuma utaona kiduara cha mwanga. Upana wake unapatikana kwa kugawa: lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya 40 kwa mara 8 inakupa milimita 5. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu mzima huishia 5, wakati mwingine chini ya hapo. Mwanga unaozidi mboni yako unamwagika pembeni, umeulipia bure.

Sasa fanya hesabu ya jioni. Ile 50 ikiwa kwenye 24 inatoa kiduara cha milimita 2 na kidogo. 3-9x40 ikiwa kwenye 6 inatoa milimita 6.7. Ya bei nafuu inaona vizuri zaidi jioni ile, kwa kushusha namba tu. Lenzi za milimita 56 unazoziona kwenye vitabu vya bidhaa za Ujerumani zina sababu yake: kule wanakaa kwenye vichanja usiku wakisubiri nguruwe mwitu kwa mwanga wa mwezi. Nasi kwa kawaida kuwinda usiku ni marufuku, na lenzi pana inakulazimisha kufunga darubini juu zaidi, shavu linapoteza pa kuegemea kwenye kitako.

Unene wa bomba nao, yaani mwili wa darubini, milimita 30 dhidi ya inchi moja, hauleti mwanga. Unaleta nafasi zaidi ya kurekebisha shabaha juu na chini. Kinacholeta mwanga ni utando uliopakwa kwenye vioo. Kioo kitupu hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, na darubini moja ina nyuso nyingi. Utando wa kuzuia hasara hiyo ulibuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935, na tangu hapo ushindani wa viwanda uko hapo, ingawa boksi linajisifu kwa milimita. Kwa hiyo usijaribu darubini chini ya taa za duka. Muombe muuzaji utoke nje saa kumi na mbili na nusu jioni, utazame kivuli cha mti. Akikataa, hamna biashara.

"Nunua ya Ulaya, mengine takataka"

Hapana. Darubini nyingi nzuri za bei ya kati hutengenezwa Japani, Ufilipino na China, baadhi kwa majina ya kampuni za Marekani. Na jina kubwa kwa bei ya kutupa ni bandia, basi.

"Ni kuchungulia tu, haina madhara"

Wafuata nyayo wana alama wanayoijua: kovu lenye umbo la mwezi mwandamo, juu ya nyusi. Bunduki ya .375 (upana wa risasi kwa inchi) inapiga teke hasa, na hiyo ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa wanyama hatari. Darubini iliyofungwa nyuma mno, jicho likiwa sentimita 5 au 6 kutoka kwenye kioo, inarudi na kukata. Kwa bunduki kama hizo tafuta yenye nafasi ya sentimita 9 au zaidi, na ijaribu ukiwa umevaa koti la porini, umesimama na umekaa. Ukiilenga juu, kama kwa mnyama aliye kilimani, jicho husogea mbele bila wewe kujua. Hapo ndipo mwezi unapoandama.

Kuna kituko kimoja hapa. Watu hudhani bunduki ya upepo, kwa kuwa ni ya ndege na panya, inafaa kuwekewa darubini yoyote ya zamani. Ile ya springi ndiyo inayoua darubini haraka kuliko .375. Teke lake huenda nyuma, kisha pistoni inapogonga mwisho linarudi mbele, na darubini nyingi za rifle zimetengenezwa kuhimili teke la upande mmoja tu. Nunua iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya bunduki ya upepo.

"Imeshapimwa na leza, iko tayari"

Leza, au kule kutoa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na kuchungulia ndani ya mtutu, kunakufikisha kwenye karatasi. Hakukufikishi kwenye alama. Mtutu unatikisika kwa namna yake risasi inapopita, na kila aina ya risasi ina tabia yake: bunduki ileile, risasi ya kampuni nyingine au ya uzito mwingine, tundu linahama. Kitako cha mbao kikinywa mvua kinavimba na kusukuma mtutu. Pete zinazoshika darubini juu ya bunduki zimelegea, darubini imegongwa kwenye gari, vyote vinahamisha. Ndiyo sababu ya ile karatasi ya siku ya kwanza.

Hata kuhesabu kliki, zile hatua ndogo za kitufe cha kurekebisha shabaha, kunawapiga chenga watu. Mgeni wa kushoto kiganja, tuseme sentimita 12, baada ya skrubu kukazwa alizungusha kliki 12 kwenda kulia akitegemea kila moja ni sentimita 1. Darubini yake ilikuwa ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa), ambayo kwa mita 100 ni milimita 7 tu na kidogo. Alihama karibu sentimita 9 na kubaki kushoto kwa 3, akaanza kuilaani darubini. Kifuniko cha kitufe kilikuwa kimeandikwa wazi. Zile za sentimita 1 huandikwa 0.1 mil, au sentimita 1 kwa mita 100.

"Fundi ni fundi, chuma ni chuma"

Hapa ndipo ninapokasirika. Mtu hatampa fundi geti saa yake ya mkononi, lakini atampa bunduki.

Baba yangu mdogo anamiliki kwa kibali rifle ya .30-06. Alitaka darubini ifungwe na triga ilainishwe kidogo, akampelekea fundi mmoja aliyesifiwa na watu. Bunduki ikarudi inang'aa kwa oili. Nilipokwenda kumsalimia akanipa niitazame.

"Shikamoo baba mdogo. Hii umeshaipiga?"

"Marahaba. Bado. Fundi kasema ipo tayari, ya kisasa."

Nikahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hamna risasi, nikaielekeza kwenye lundo la mchanga uani, nikasukuma bolti mbele kwa nguvu kama mtu mwenye haraka. Tak. Sindano inayogonga risasi ilianguka yenyewe, kidole changu hakijagusa triga. Kungekuwa na risasi, ingetoka. Baba mdogo alikaa chini, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Darubini nayo ilikuwa na kisa chake. Pete zilikazwa kwa alenki ndefu na mkono wenye hasira, bomba limebonyea. Skrubu za pete huhitaji nguvu ndogo, nyutonimita 2 hivi, na fundi wa kweli ana spana inayopima nguvu hiyo na anafuata karatasi ya kiwanda. Bomba likibonyea, vioo vya ndani vinakwama: unazungusha kliki tano hakuna kitu, ya sita inaruka zote kwa pamoja. Na kulikuwa na ukungu ndani. Alikuwa ameifungua "kuisafisha". Darubini ya kisasa imejazwa naitrojeni na kuzibwa ili isipate ukungu. Leupold ya Marekani ilianza kuuza za namna hiyo mwaka 1947. Ikifunguliwa mezani, gesi imekwenda. Inarudishwa kiwandani, haifunguliwi kwa kisu cha fundi saa.

Watu huniuliza fundi mzuri anajulikanaje, wakitarajia nitaje jina. Angalia dakika tano za kwanza. Tulipompelekea bunduki ile fundi mwingine, mzee, maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Kabla hujaiweka mezani, ifungue." Aliangalia chemba mwenyewe, ingawa alishatuona tukiangalia. Kisha akaomba kibali, akaandika namba ya bunduki kwenye daftari na kutupa risiti yenye namba hiyo. Hilo si adabu tu. Sheria ya silaha ya Kenya, kwa mfano, inamhesabu anayetengeneza bunduki kwa biashara kuwa mfanyabiashara wa silaha sawa na anayeuza, na hivyo lazima asajiliwe. Bunduki yako ikikutwa kwa asiye na ruhusa, "niliipeleka kwa fundi" haitakusaidia sana, kwake wala kwako, upande wowote wa mpaka.

Halafu akauliza: unapiga risasi gani, uzito gani, umbali gani, na shavu lako linakaa wapi. Akamwambia baba mdogo ashike bunduki huku amefumba macho, aipandishe begani, ndipo afumbue. Darubini ikasogezwa mbele sentimita mbili hadi jicho lilipoona duara kamili bila kutafuta. Kuhusu triga alisema springi yake, ambayo fundi wa kwanza aliikata, haitengenezeki, anaagiza nyingine, na kuilainisha zaidi ya kiwanda hafanyi hata kwa pesa. Kama fundi hajawahi kukwambia "hii siifanyi", mimi nina wasiwasi naye.

Wiki sita baadaye tulirudi. Kwenye bahasha kulikuwa na springi mbovu, skrubu za zamani, na karatasi ya shabaha iliyokunjwa. Matundu matatu yangefunikwa na kizibo cha chupa ya soda, na chini yake ameandika kwa kalamu ya wino: mita 100, aina ya risasi, uzito wa risasi gireni 180, tarehe. Kisha akasema, baba mdogo akibadilisha risasi, karatasi hiyo aichane.